Kinachobaki Hema Likishakunjwa: Mafunzo ya Porini kwa Wanafunzi wa Chuo

Mwanafunzi wa chuo akirudi kutoka wiki mbili za mafunzo ya porini, vitu anavyovisahau kwanza ni vile alivyofundishwa kwa bidii zaidi. Miezi mitatu baadaye hakumbuki fundo la kukazia kamba ya hema. Mwaka ukipita, ukimpa dira ataigeuzageuza mkononi. Wanaosimamia bajeti za vyuo huliona hilo na kuuliza, nao wana haki ya kuuliza: fedha zilikwenda wapi? Sisi tunaoongoza mafunzo haya tunajibu kwamba fundo na dira ni njia tu. Tunachokitafuta ni uwezo wa kuamua wakati habari hazijatimia, mwili umechoka na wenzako wanasubiri neno lako. Huo hukaa miaka. Ila unakaa pale tu kozi inapopangwa ili mwanafunzi aamue kwelikweli, ayapate matokeo ya uamuzi wake, kisha ayazungumze mbele ya waliokuwepo. Moja kati ya hayo likikosekana, yanabaki matembezi mazuri yenye picha nyingi.

Wazo hili lina umri. Klabu ya safari ya wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, ilianzishwa mwaka 1909, na tangu 1935 wanafunzi wapya wa huko wamekuwa wakipelekwa milimani kabla ya masomo kuanza. Mwaka 1941 Kurt Hahn, mwalimu aliyeihama Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka, alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye meli, kufungua huko Aberdovey, Wales, shule ya kwanza ya Outward Bound, shule zinazofundisha kwa safari na majaribu ya nje. Holt aliamini kwamba meli zikizamishwa vitani, mabaharia vijana walikata tamaa mapema kuliko wakongwe waliowazidi umri na kupungukiwa nguvu. Mwaka 1965 Paul Petzoldt akaanzisha shule ya NOLS jimboni Wyoming ili kuwafunza viongozi wa safari, akitilia mkazo busara ya kuamua.

Suala la kama faida hudumu limepimwa pia. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake walikusanya tafiti 96 za mafunzo ya aina hii na kuzichambua kwa pamoja. Waliona mafanikio ya wastani wa 0.34 kozi inapokwisha, kwa kipimo cha kitakwimu kinacholinganisha mabadiliko na mtawanyiko wa kawaida wa watu. Kisha wakaona nyongeza ya 0.17 walipofuatilia baadaye. Yeyote anayefundisha anajua jinsi matokeo hayo yalivyo ya nadra, kwa sababu mafunzo mengi hufifia mtihani ukishapita. Wastani huo, hata hivyo, umeficha tofauti kubwa kati ya kozi na kozi. Zipo zilizozaa sana na zipo ambazo hazikuzaa kitu. Ndiyo sababu tunaona ni muhimu kueleza kinachofanya kozi izae.

Kwanza, mambo ya hesabu ya watu na siku. Kundi zuri ni wanafunzi 8 hadi 12 na wakufunzi wawili. Wakizidi hapo, wapo watakaojificha nyuma ya wenzao safari nzima bila kuamua lolote. Wanapogawanyika kutembea, kikundi kidogo kisipungue watu wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada pamoja. Kuhusu muda, siku tatu hazitoshi. Siku tatu za mwanzo kila mtu ana adabu. Hasira, uvivu na ubishi wa kweli hujitokeza kuanzia siku ya nne, na kozi inayokwisha kabla ya hapo imewarudisha watu nyumbani kabla somo halijaanza. Tukipewa siku kumi, tunazichukua zote mfululizo. Kuzigawa katika wikendi tano huharibu kazi, kwa kuwa kila Jumapili mwanafunzi anarudi mahali ambapo anaweza kumkwepa aliyegombana naye.

Sasa makadirio ya muda, ambayo tukilazimishwa kuchagua somo moja tu ndilo tungelichagua. Mwanafunzi anapewa ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Anaulaza uzi juu ya njia, akifuata kila mpindo, kisha anaunyoosha kwenye rula. Halafu anahesabu mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, anayoivuka akipanda. Ikiwa imeachana kwa mita 20 za mwinuko, mistari 45 ni mita 900 za kupanda. Anatumia kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 12 na kupanda ni mita 900. Kilomita zinampa saa 2 na dakika 24, kupanda kunampa saa 1 na nusu. Jumla saa 3 na dakika 54. Anaiandika kwenye daftari lake kwa uhakika kabisa, na kundi linapanga kufika kambini kabla ya mchana kukomaa.

Hawafiki. Naismith alipanga kwa mtembezi mwenye afya, asiye na mzigo mzito, anayepita njia nzuri na asiyesimama. Kundi lenye mikoba ya siku kumi huhitaji nusu ya muda huo juu yake, yaani karibu saa 6. Mapumziko ya dakika 10 kila saa yanaongeza saa nzima. Bado hujahesabu kijito kilichowachukua dakika 25 kuvuka, wala asubuhi yenyewe, maana kundi jipya hutumia zaidi ya saa mbili tangu kuamka hadi hatua ya kwanza. Mmoja anatafuta soksi, wawili wanabishana nani abebe sufuria, hema halijakunjwa. Na mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye wa mwisho. Hesabu iliyotumia mwendo wa wastani ilikosea tangu mwanzo.

Kila jioni mwenye ramani anaandika mambo manne: nilikadiria nini, ikawa nini, tofauti ni kiasi gani, na tofauti ilitoka wapi. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Siku ya kwanza anaandika "tulichelewa". Siku ya tano anaandika "dakika 40 zilipotea kwa kuwa hatukujaza maji jana jioni". Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hii mwaka 1979: watu hupanga kwa kufikiria jinsi kazi yao itakavyokwenda vizuri, na kupuuza jinsi kazi za namna hiyo zilivyokwenda huko nyuma. Unaweza kumweleza mwanafunzi nadharia hiyo darasani, akaiandika na kuifaulu, kisha akapanga tasnifu yake kwa matumaini yaleyale. Mtu aliyetembea gizani na njaa kwa sababu ya hesabu yake mwenyewe, mara tatu katika wiki moja, hupanga kwa namna nyingine. Anaanza na hatua iliyo polepole kuliko zote. Anauliza safari iliyopita ilichukua muda gani. Anaongeza nusu, na haoni haya kuongeza.

Miguu nayo ina somo lake, la jinsi ya kusema mapema. Lengelenge halizuki ghafla. Huanza na joto mahali pamoja, aghalabu kisiginoni au pembeni mwa kidole kidogo, ngozi inapovutwa huku na huku ndani ya soksi yenye jasho. Katika hatua hiyo tiba ni dakika mbili: vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa isiyo na mikunjo na iliyokatwa pembe kuwa mviringo ili isibanduke, geuza au badili soksi, funga kamba upya. Ukisubiri hadi jioni unakuta maji yamejaa, na ukisubiri hadi kesho ngozi imetoka na mtu hatembei. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa na kundi zima, kwa sababu wenzake watagawana mzigo wake kwa siku tatu.

Wote wameelezwa hayo kabla ya kuondoka. Bado wananyamaza, kwa kuwa hawataki kuwa mtu wa kwanza kuwasimamisha wenzao, hasa mbele ya watu wasiowajua vizuri. Kwa hiyo tunaondoa aibu kwa utaratibu: baada ya dakika 30 za mwanzo, siku zote, kundi zima linasimama na kila mmoja anagusa visigino vyake, mkufunzi akiwa wa kwanza kuvua kiatu. Utaratibu unafanya kazi ambayo mahimizo hayawezi. Wanafunzi wanaolitambua hilo huja kulitumia mahali pengine kabisa: kwenye kazi ya kikundi wanaweka dakika tano za kila mtu kutaja kinachomkwamisha, kabla hakijawa tatizo la wote.

Baridi inafundisha kitu kigumu zaidi, kwamba kuna wakati akili yako mwenyewe haifai kuaminiwa. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mtu ameingia kwenye hatari, na hahitaji theluji ili afike huko. Mvua, upepo na nguo za pamba zilizolowa vinatosha kabisa katika nyuzi 10. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kisha anajikwaa, anaangusha vitu, anamung'unya maneno, ananuna na kujitenga. Ukimwuliza anasema yuko sawa, na anaamini hivyo, kwa sababu ubongo unaotakiwa kupima hali ndio uliopoa. Hatua ni hizi kwa mpangilio: simamisheni safari, mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa na umvishe kavu, mkalishe juu ya mkeka au mikoba asiguse ardhi, mfunike pamoja na kichwa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kushika kikombe mwenyewe. Asisuguliwe miguu na mikono, asipewe pombe, asiachwe peke yake. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anaanza kusinzia, hali imezidi kuwa mbaya, na huyo anahitaji kuhudumiwa taratibu akiwa amelala na msaada kuitwa.

Kwa sababu hiyo kila mtu ana mwenza wa siku, na kazi ya mwenza ni kumwangalia, kumwuliza swali linalohitaji kufikiri na kulinganisha na alivyokuwa asubuhi. Kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusema "wewe hauko sawa, kaa chini" ni jambo ambalo kijana wa miaka ishirini halifanyi kwa urahisi. Akishalizoea, analo hata msimu wa mitihani, anapokesha siku ya tatu na kudhani bado anaelewa anachokisoma.

Tuje kwenye uongozi. Kila siku kundi lina viongozi wawili wa siku, wanaobadilishwa jioni. Wao ndio wanaoamua saa ya kuondoka, njia, mapumziko na mahali pa kambi. Mkufunzi anatembea nyuma na kunyamaza. Hapa ndipo kozi nyingi zinapoharibikia. Mkufunzi anaona kundi linafuata kijito kisicho chao, anavumilia dakika kumi, kisha anakohoa, anatazama ramani yake, au anasema "mna uhakika?" Swali hilo ni jibu. Wanafunzi ni hodari wa kusoma uso wa mwalimu, wamefanya hivyo tangu darasa la kwanza, na wakishagundua kwamba uso wake unatoa majibu wataacha kusoma ardhi. Dawa ni kukubaliana mapema ni makosa gani mkufunzi atayaacha na yapi atayazuia. Sisi tunayaacha yanayogharimu starehe: kupotea saa mbili mahali salama, hema lililosimikwa kwenye kibonde na kulowa usiku, chakula kilichoungua, kuchelewa. Tunayazuia papo hapo yanayoweza kugharimu mwili: kuvuka mto wenye kasi unaopita magoti, mahali ambapo kuanguka ni kuvunjika, ukingo wazi wakati wa radi, maji yasiyosafishwa, na jiko kuwashwa ndani ya hema, maana mbali na moto kuna hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Tukizuia, tunasema waziwazi kwamba tumechukua uongozi, kwa nini, na tunaurudisha saa ngapi. Hakuna kukohoa.

Uamuzi mgumu kuliko yote kwa kiongozi wa siku ni kugeuka. Kabla ya kuondoka kambini, wakati bado wameshiba na wametulia, kundi linaandika saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, popote watakapokuwa. Inafika saa saba, kilele kinaonekana, kimebaki kama dakika 40, mawingu yanajikusanya upande mmoja. Kila mtu ana hoja. Tumetoka mbali. Hatutarudi tena huku. Kundi lingine lilipita asubuhi, nyayo zao hizi hapa. Mkufunzi hajasema kitu, basi ni salama. Mwaka 2004 Ian McCammon alichambua ajali za maporomoko ya theluji nchini Marekani na kuonyesha kwamba hata watu waliofunzwa walinaswa na mitego sita ya fikra, miongoni mwayo mazoea ya mahali, hamu ya kukubalika na wenzako, kung'ang'ania mpango wa awali na kumwachia anayeonekana mjuzi. Hoja za wanafunzi wetu, hata mahali ambapo theluji haijawahi kuanguka, hutoka humohumo.

Kwa hiyo tunawapa maswali matatu ya kusomwa kwa sauti saa ya kugeuka inapofika. Ni kipi kimebadilika tangu tulipoiandika saa hii asubuhi? Tungekuwa tumefika hapa muda huu tukiwa wapya, bila jasho la nyuma, tungeanza kupanda? Nani hajasema bado? La tatu ndilo linaloleta habari, kwa sababu aliyenyamaza mara nyingi ndiye aliyechoka zaidi au aliyeona mawingu. Wapo wanaogeuka na kukasirika jioni nzima kwa kuwa mvua haikunyesha. Tunawaacha wakasirike hadi wakati wa mazungumzo.

Kuhusu radi, hesabu ni rahisi: sauti husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde 3, hivyo sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo ni kama kilomita 10, na hapo mnapaswa kuwa mmekwisha shuka ukingoni. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwenye miinuko mikubwa, juu ya mita 3,000, msilale zaidi ya mita 500 juu ya mlipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzikeni siku moja. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu au kuyumba yachukuliwe kuwa ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vingine. Asiyepata nafuu ateremshwe, hata usiku.

Jioni ni mazungumzo. Wapo wakufunzi wazuri wanaoamini kwamba mlima unajisemea wenyewe, na ubishi huo ni wa miaka mingi. Tunawaheshimu, lakini tunawapinga. David Kolb, katika maelezo yake ya mwaka 1984 kuhusu kujifunza kwa uzoefu, aliweka tafakuri kati ya tukio na kanuni inayotokana nalo, na tunavyoona sisi hatua hiyo hairukiki. Tukio likikosa maneno, linabaki hisia kali, na hisia kali hugeuka kuwa hadithi ya kuwasimulia marafiki. Likipewa maneno linaweza kutumika mahali pengine.

Utaratibu wetu ni huu. Mazungumzo yafanyike baada ya chakula, kamwe si kabla, yasizidi dakika 40, watu wakiwa na nguo za joto na wameketi duara ili kila mmoja amwone mwenzake. Kiongozi wa siku anaanza. Anasimulia kilichotokea kwa mpangilio wa saa, bila kutoa sababu. Wengine wanaongeza walichokiona. Kisha ndiyo yanakuja maamuzi: yapi yalikuwa makubwa mawili, na wakati ule ulijua nini? Tunalishika sana swali hilo la mwisho. Ukimwuliza mtu "kwa nini ulifanya hivyo?" atajitetea, na wote watajifunza utetezi. Ukimwuliza "ulikuwa unajua nini saa ile?" anarudi kwenye ushahidi. Na hapo kundi linatenganisha vitu viwili ambavyo watu wazima wengi hawavitenganishi: ubora wa uamuzi na uzuri wa matokeo. Waliogeuka saa saba na mvua isinyeshe waliamua vizuri. Waliovuka mto bila kufungua mikanda ya kiuno ya mikoba yao, wakafika ng'ambo wakicheka, waliamua vibaya na wakapata bahati, kwa sababu aliyeanguka akiwa amefungwa mkoba anaburutwa nao. Tukio hilo la chupuchupu linaandikwa kwenye daftari la kundi kana kwamba mtu aliumia, likiwa na saa, mahali na kilichopaswa kufanyika. Mwisho kila mmoja anataja jambo moja atakalolifanya kesho, dogo, linaloonekana kwa macho. "Nitasikiliza zaidi" halikubaliki. "Nitawauliza wote kabla ya kuchagua kambi" linakubalika.

Mkufunzi katika duara hilo azungumze chini ya kila mtu. Akiuliza, ahesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kusaidia. Ukimya huo unamtesa yeye kuliko wanafunzi, nao ndio unaotoa jibu la tatu, ambalo kwa kawaida ndilo la kweli. Sifa nyingi huharibu kama lawama nyingi. Na siku ambayo kundi limelowa na limechoka kupita kiasi, yaahirisheni hadi asubuhi baada ya uji au chai, wala hakuna kilichopotea.

Maandalizi tuyapitie kwa kifupi, ingawa yasipofanyika hakuna linalowezekana. Fomu ya afya isomwe na mtu, si kuwekwa kwenye faili: pumu, mzio, kisukari, kifafa, dawa na mahali zilipo, na nakala ya dawa muhimu kwenye mkoba wa mtu mwingine. Mkoba uwe kati ya robo na moja ya tano ya uzito wa mwili, vizito vikae karibu na mgongo, kati ya mabega, na uzito ubebwe na nyonga. Maji yachemke dakika moja, au dakika tatu juu ya mita 2,000. Ukitumia klorini subiri dakika 30, na legeza kifuniko umwage kidogo ili dawa ipite kwenye nyuzi za mdomo wa chupa. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka kwenye maji, njia na kambi. Kuharisha kunakoangusha kundi zima mara nyingi hupita mikononi, kwa hiyo sabuni ikae penye koleo la choo, si kwenye begi la mpishi. Hedhi itajwe waziwazi na wakufunzi wote, wa kike na wa kiume, siku ya kikao cha kwanza, pamoja na namna ya kubeba taka zake; msichana anayekosa kuuliza atakunywa maji kidogo ili asiende msituni, na mchana ataumwa kichwa ambacho hakuna atakayekielewa. Vifaa vya gharama vikopeshwe na chuo. Kozi inayomtaka mwanafunzi anunue viatu na mfuko wa kulalia inawachagua wenye nafasi, wakati walio na kazi za jioni na wasiowahi kulala nje ndio ambao tumeona wakibadilika zaidi.

Asiyeweza kutembea kwa mwendo wa wengine asiachwe chuoni kwa huruma. Safari ya mtumbwi, au kambi moja yenye matembezi mafupi kuzunguka, ina maamuzi yaleyale ya muda, hali ya hewa na watu. Umbali hauna cheo. Kundi lililotembea kilomita 30 likimfuata mkufunzi limejifunza kidogo kuliko lililotembea 6 likijiongoza.

Kisha kuna kurudi, na hapa vyuo vingi huacha kazi katikati. Siku ya mwisho kabla ya basi kufika, kila mwanafunzi anakaa peke yake saa moja na kujiandikia barua: uamuzi gani ninaujivunia, upi nisingeurudia, na uamuzi gani unaningoja nyumbani. Bahasha inafungwa, sisi tunaitunza na kuituma baada ya miezi sita. Wiki ya sita tunakutana kwa saa moja na nusu, bila picha, na kila mmoja anakuja na uamuzi mmoja wa maisha ya kawaida alioufanya kwa namna aliyoipata porini. Wiki hiyo tumeichagua kwa makusudi: msisimko umekwisha, mitihani iko njiani. Wengine wanakuja mikono mitupu na kusema hawajatumia chochote. Hao tunakaa nao na daftari lao, tunafungua safu ya nne, na mara nyingi wanaiona tabia yao ileile ikiwa inaendelea kwenye kazi waliyochelewesha juma hilo.

Yanayoletwa si makubwa. Mmoja amemwambia msimamizi wake mapema kwamba sura ya tatu haitakamilika kwa tarehe waliyopanga, akapewa tarehe nyingine. Mwingine ameacha nafasi ya uongozi aliyokuwa anaing'ang'ania kwa kuwa alishatumia mwaka mzima juu yake. Mwingine amempeleka mwenzake wa bwenini hospitali baada ya kugundua kwamba majibu yake si ya kawaida yake. Tunayaandika kwa ruhusa yao, tunafuta majina, na kuyasoma tunapopanga kozi inayofuata. Zoezi ambalo halitajwi na mtu kwa misimu miwili mfululizo tunaliondoa, hata kama wanafunzi walilifurahia. Kamba za kuning'inia miti kwa miti ziliondoka kwa njia hiyo. Nafasi yake tumeipa siku ya ziada ya viongozi wa siku, na wale waliokuja kwenye mkutano wa wiki ya sita na madaftari yao yamejazwa hadi ukurasa wa mwisho tunawaalika kurudi kama wakufunzi wasaidizi, watembee nyuma ya kundi na kujifunza kunyamaza.